Shingo imekakamaa baada ya operesheni ya goita, waliopitia naombeni msaada

Mama wa Mwaloni

Habari za jioni wapendwa, poleni na majukumu. Wa Usukumani, mwadila.

Mimi nauza dagaa hapa Mwanza, soko la Mwaloni Kirumba, na makazi yangu ni kule juu kwenye mawe ya Bugarika. Nilikaa na goita miaka mingi. Haikuwa inauma, nikawa naifunika na mtandio, maisha yanaendelea. Ilipofika mahali nikilala chali pumzi inabana, tonge la ugali nalo linasita kushuka, nikakubali kisu. Wametoa tezi yote. Majibu ya maabara yamerudi safi, hakuna saratani, Mungu ni mwema. Tarehe niliomba iangukie mbalamwezi, maana mwezi ukiwa mkubwa taa za wavuvi hazivuti dagaa, mitumbwi inakaa nchi kavu na sisi wa mwaloni tunabaki kupiga soga. Nikasema kama ni kulala kitandani, bora nilale wakati ambao hata sokoni hakuna kitu.

Sasa naingia wiki ya tatu. Kidonda hakina neno, kimekauka, hakitoi maji wala harufu, sauti yangu ipo. Kinachonitesa ni shingo. Imekakamaa. Mtu akiniita kwa nyuma nageuka mwili mzima, watoto wananicheka. Kisogoni hadi mabegani panauma, jioni maumivu yanapanda nyuma ya masikio hadi kichwa. Mbele penye mshono hapaumi sana ila panavuta, nikijaribu kuangalia juu nahisi uzi unataka kukatika. Ngozi ya juu kidogo ya kovu ina ganzi, nikiigusa siihisi vizuri.

Mama mkwe wangu alivuka kutoka Sengerema kuja kuniuguza, na Mungu ambariki maana bila yeye sijui ningefanyaje. Ila alinikataza kabisa kusogeza shingo. Alinipangia mito mitatu, akawa ananilisha uji kwa kijiko, kila nikitaka kugeuka anasema, "Tulia mwanangu, mshono usije ukafumuka." Nami nikatulia kweli. Hata nikipanda daladala kwenda kliniki nilikuwa nashika kidevu kwa mkono, tukiruka tuta nafumba macho. Siku naruhusiwa wodini nilielezwa dawa, tarehe ya kurudi na nisinyanyue vitu vizito. Habari ya shingo haikutajwa.

Naombeni mniambie: hii ni kawaida, au kuna kitu kimeharibika ndani? Naruhusiwa kuinyoosha? Kuna jirani kaniletea chupa ya mafuta ya kuchua na anasema yupo mama Igoma anayeikunja shingo hadi ilie "ka!" halafu unapona papo hapo. Na kubwa zaidi, giza linakaribia, mitumbwi itatoka, wateja wangu wa Kahama wameshaanza kupiga simu. Kazi yangu mnaijua: beseni kichwani, kuinama kuanika, kuinama kugeuza, kuinama kuanua. Lini naweza kuweka ngata kichwani tena?

---

Kijana wa Igoma

Pole sana mama. Huyo mama wa huku kwetu namfahamu, usichelewe. Mimi shingo ilikaza nikiwa golini, akanikunja mara moja tu, ikalia, kesho yake nikadaka.

---

Bi Fundi Pasiansi

Dada yangu pole, na usiende kokote kukunjwa. Wewe kijana ulikaza shingo kwa mpira, mwenzio amekatwa shingo. Hayo ni mambo mawili.

Mimi nilifanyiwa hiyo hiyo. Ni fundi cherehani, kwa hiyo shingo yangu ilikuwa na madeni yake hata kabla ya kisu. Baada ya operesheni ikawa gogo. Nilivyogundua kwamba nimezidi ni kwenye swala. Unajua mwisho wa swala unatoa salamu, unageuza uso kulia kisha kushoto. Nikawa natoa salamu macho yanaenda lakini uso umebaki pale pale unatazama kibla. Binti yangu anaswali pembeni yangu, akaniambia mama mbona siku hizi husalimii upande?

Nilipokwenda kliniki daktari kijana akanieleza kitu ambacho ningependa kila mgonjwa wa goita aambiwe kabla hajatoka wodini. Kwanza, ukiwa umelala usingizi wa dawa, wanakuwekea kitu chini ya mabega, kichwa kinaanguka nyuma, ili koo lijitokeze wapate pa kufanyia kazi. Unakaa hivyo muda wote wa operesheni. Ndiyo maana ukiamka kisogo kinauma kuliko hata kidonda, na wewe unashangaa, mbona wamekata mbele panauma nyuma? Pili, ukiamka unaogopa. Unakaza mabega, unashusha kidevu, unalinda kidonda. Misuli ya nyuma inafanya kazi ya kushikilia kichwa usiku na mchana bila kupumzika. Ukikaa hivyo wiki nzima, mwili unazoea.

Kuhusu kufumuka, nakuambia kama fundi. Nguo ya bitana ina mshono wa ndani na wa juu, na walichokufanyia ni hivyo hivyo: wamefunga tabaka la ndani kwanza, ndiyo ngozi ikafuata. Ukiigeuza shingo taratibu unakivuta kitambaa tu, huutatui uzi. Kinachotatua uzi ni kubeba gunia au kupigwa kumbo.

Basi nilichofanya mimi: asubuhi nikioga, maji ya uvuguvugu namwagia kisogoni na mabegani, mbele sipagusi. Halafu nakaa kwenye kigoda, mgongo umenyooka, naanza na mabega, nayapandisha hadi masikioni nayaachia, nayazungusha kwa nyuma. Mabega yakilegea ndipo shingo inakubali. Kisha kidevu kifuani polepole, kisha kulia, kushoto, kisha sikio kuelekea bega. Nikifika panapovuta nasimama hapo hapo, napumua, narudi. Kuangalia juu nilikuacha mwisho kabisa, baada ya daktari kuniruhusu. Na kila salamu ya swala nikaifanya kipimo: leo nimeona ukingo wa mkeka, siku nyingine naona mguu wa meza, hadi nikamwona binti yangu aliyekaa pembeni. Mara tano kwa siku, hilo zoezi huwezi kulisahau. Wewe kama ni Mkristo tafuta chako, hata kutazama dirisha na mlango.

Mito mitatu toa. Siku chache za mwanzo kichwa kinainuliwa ili uvimbe upungue, hapo mama mkwe alikuwa sahihi. Lakini sasa hivi mito mitatu inakusukuma kidevu kifuani usiku kucha, asubuhi ukiamka unasema shingo inauma. Weka mmoja usio mnene, na kanga iliyoviringishwa chini ya shingo, pale kwenye uwazi.

---

Mazoezi Tiba Kanda ya Ziwa

Nafanya kazi ya fiziotherapia, na wagonjwa wa aina hii nawaona. Bi Fundi ameeleza vizuri, nitaongezea pale panapohitajika.

Mama, kukakamaa unakoeleza ni jambo la kawaida sana baada ya operesheni ya tezi ya shingo, na sehemu kubwa inatokana na kuilinda. Wajapani waliwahi kulipima jambo hili, matokeo yakachapishwa 2005: wagonjwa waliofundishwa kunyoosha shingo na mabega mapema baada ya upasuaji huu walilalamika kidogo kuliko wale walioachwa hivi hivi. Kuna hospitali zinazoanza mazoezi mepesi siku inayofuata baada ya operesheni, mradi hakuna tatizo. Kwa hiyo wewe wa wiki ya tatu, ambaye kidonda kimefunga, hujachelewa. Ila mpigie simu au mwone aliyekupasua akupe ruhusa, kwa sababu yeye ndiye anajua alichokuta humo ndani. Goita kubwa na goita ndogo hazifanani.

Ukianza, fanya mara tatu kwa siku. Kila upande rudia mara tano, baadaye kumi, ukifika mwisho hesabu hadi tano ndipo urudi. Kuvutwa kunaruhusiwa. Maumivu makali ya kuchoma hayaruhusiwi, na kizunguzungu kikija acha. Usizungushe kichwa duara zima kama mabondia wanavyofanya kabla ya pambano, sioni faida yake kwako. Ukiwa na panadol, meza nusu saa kabla ya zoezi la asubuhi, utaona tofauti. Mtu mzima asizidishe vidonge viwili vya miligramu 500 kwa mara moja, wala vidonge nane kwa saa 24, na aangalie dawa nyingine za mafua anazomeza maana nyingi zina panadol ndani. Diklofenaki, dawa nyingine ya maumivu, usijinunulie tu dukani, hasa kama una vidonda vya tumbo, presha au shida ya figo.

Taulo la moto ni zuri, liweke kisogoni na mabegani, dakika 15 hivi zinatosha. Usiliweke mbele. Umesema ngozi ya pale ina ganzi, na hiyo ni kwa sababu mishipa midogo ya fahamu ya ngozi ilikatwa pamoja na ngozi. Nyingi hurudi baada ya miezi. Lakini kwa sasa ngozi isiyohisi inaweza kuungua na wewe hujui.

Ile hali ya kuvuta mbele: kovu linapopona hushikana na nyama za chini, ndiyo maana ukimeza au ukitazama juu linapanda nalo. Dawa yake ni kulikanda, lakini liwe limefunga kabisa, hakuna gamba wala mahali palipo wazi, na daktari ameruhusu. Ncha mbili za vidole, mafuta kidogo tu ya kawaida yasiyo na pilipili wala mnanaa, unasogeza ngozi juu chini, kulia kushoto, dakika chache. Chupa ya jirani iliyokolea dawa za kuunguza peleka kabatini. Na jua la ziwani ni kali, kovu jipya likipigwa jua linakuwa jeusi, kwa hiyo ule mtandio wako uendelee nao.

Kuhusu kukunjwa hadi ilie, hapo sina mzaha. Mishipa mikubwa inayopeleka damu kwenye ubongo inapita shingoni. Shingo ikikunjwa kwa nguvu mshipa unaweza kuchanika ndani, mtu akapata kiharusi. Kwa mtu aliyetoka kupasuliwa ndiyo kabisa. Kijana wa Igoma, nafurahi ulidaka, ila usimpeleke mama huko.

Beseni nitarudi kulieleza, niko kazini.

---

Nesi Mstaafu

Mama wa Mwaloni, mimi nimekaa wodi ya upasuaji hadi nikastaafu, na kuna jambo hapa hawajakuuliza. Hiyo ganzi ya ngozi ya kovu iache kando. Je, una ganzi nyingine? Kuzunguka midomo, ncha za vidole vya mikono, miguuni? Vile vichomi vidogo vidogo? Misuli inajikaza yenyewe, vidole kujikunja, vigimbi vya miguu kukaza usiku?

Nauliza kwa sababu umesema wametoa tezi yote. Nyuma ya tezi hiyo huwa kuna vitezi vidogo vinne, ukubwa wa punje tu, vinavyosimamia kalsiamu kwenye damu. Daktari anavikwepa kadiri anavyoweza, lakini vikiguswa hushtuka na kulala kwa muda, kalsiamu inashuka, na misuli inaanza kukaza. Mtu anasema shingo, kumbe ni damu.

---

Mama wa Mwaloni

Nesi umenishtua. Ndiyo, ncha za vidole zinawashawasha, na juzi midomo ilikuwa na ganzi, nikadhani ni kwa sababu ya kukaa ndani siku nyingi. Usiku mguu unakaza, nalazimika kusimama. Kalsiamu walinipa, vidonge vikubwa vile vya kutafuna, vikaisha wiki iliyopita nikajua dozi imekwisha. Kinachoendelea ni hiki kidonge kidogo cha kila asubuhi.

---

Nesi Mstaafu

Basi usisubiri tarehe ya kliniki. Kesho asubuhi nenda hospitali, waambie maneno haya haya: nilitolewa tezi yote, kalsiamu imeisha, nina ganzi midomoni na vidoleni. Wapime kalsiamu ya damu. Ukiona vidole vinajikunja na kugoma kunyooka, au koo linabana, au moyo unaenda mbio ovyo, hata kama ni saa 8 usiku nenda, usikae kungoja kupambazuke. Na ukivimba shingo ghafla, ukashindwa kupumua, ukapata homa au kidonda kikatoa usaha, ni vivyo hivyo.

Kidonge cha asubuhi ni cha homoni ya tezi. Kinamezwa tumbo likiwa tupu, kwa maji matupu, ukae nusu saa hadi saa nzima ndipo unywe chai. Na ukirudishiwa kalsiamu usivimeze pamoja, vitenganishe kwa muda wa saa nne, la sivyo kalsiamu inakizuia kidonge kisiingie mwilini. Wagonjwa wangu nilikuwa nawaambia homoni alfajiri, kalsiamu pamoja na chakula cha mchana na cha usiku. Hicho kidonge ni cha maisha, usije ukaacha ukijiona mzima.

Mazoezi subiri hadi upimwe. Misuli inayokaza kwa kukosa kalsiamu hainyooshwi kwa mazoezi.

---

Mvuvi wa Nansio

Pole shemeji. Mimi nipo Ukerewe, mambo ya hospitali nawaachia wenyewe, ila hilo la kuinama nina neno.

Mke wangu alikuwa na shingo na mgongo miaka yote bila operesheni yoyote, kwa ajili ya kuanika dagaa mchangani. Unainama kiuno, kichwa kimening'inia, unageuza kwa ufagio, jua linakupiga kisogoni. Tulipojenga vichanja, miti na wavu, usawa wa kiuno, akawa anageuza amesimama. Dagaa wenyewe wanakuwa wasafi, hawana mchanga, na mvua ikitishia unawafunika na turubai hapo hapo. Bei yake ni nyingine kabisa ukilinganisha na wa mchangani, wewe mwenyewe unajua wanunuzi wa Kongo wanavyochagua. Kama huna chanja, lipia nafasi kwenye ya mwenzio msimu huu mmoja. Shingo haina spea.

Na beseni mpe kijana wa guta.

---

Mama wa Mwaloni

Wapendwa nimerudi na majibu.

Nilikwenda, wakapima, kalsiamu iko chini ingawa si ya kutisha. Nimepewa vidonge vingine pamoja na vya vitamini D, na nitarudi kupimwa tena. Daktari alisema vile vitezi mara nyingi huamka vyenyewe baada ya wiki au miezi, tutavipunguza vidonge taratibu tukiona vimeamka. Nesi, sijui nikushukuruje. Ganzi ya midomo imepungua tangu nianze kumeza, mguu haukazi tena usiku.

Shingo sasa. Alinikalisha, akasimama nyuma yangu, akaniambia geuza kulia. Nikageuza nusu nikasimama. Akasema endelea, nikamwambia mshono, daktari. Akacheka, akachukua kioo akanionyesha: kovu limefunga, mstari tu. Akaniambia nguvu ya kuogopa niliyo nayo ningeitumia kufanya mazoezi ningekuwa nimeshapona. Amenipeleka kwa watu wa fiziotherapia pale pale, wamenifundisha karibu yale yale ya Bi Fundi, mabega kwanza. Wameongeza moja ambalo halikutajwa humu: unakaa, unarudisha kidevu nyuma kwa usawa, kama unataka kukiingiza shingoni, bila kuinama wala kuinuka. Linachekesha kulitazama lakini kisogo kinapata nafuu.

Mama mkwe nilikwenda naye makusudi ili asikie kwa masikio yake. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akamuuliza daktari, "Kwa hiyo ile ya kumlisha uji na kijiko haikuwa lazima?" Tulicheka wote. Sasa yeye ndiye msimamizi, ananihesabia kwa Kisukuma, na akihesabu tano yake ni ndefu kuliko tano ya hospitali.

Maendeleo yapo. Asubuhi bado nzito, ila nikishaoga maji ya moto na kufanya mabega inaachia. Mlima wa Bugarika naupanda polepole, nilikuwa nautembea macho chini kwenye ngazi, wakaniambia nisimame kila baada ya kipande niangalie ziwa, kulia na kushoto. Kichwa cha jioni kimepungua sana. Kuangalia juu bado.

Limebaki beseni. Daktari alisema "vitu vizito bado" lakini hakusema uzito gani, na foleni ilikuwa ndefu nje.

---

Mazoezi Tiba Kanda ya Ziwa

Habari njema mama. Hilo la kidevu kwenda nyuma ni zuri sana kwa watu wa kuinama, endelea nalo hata ukipona.

Kuhusu beseni nitakuwa muwazi. Mkononi, kwa sasa, vitu vyepesi tu, tuseme chini ya kilo tano, hadi daktari akuongezee. Kichwani ni habari tofauti. Ndoo ya lita 20 ya maji ni kilo 20 zinazokaa moja kwa moja juu ya pingili za shingo, na ili isidondoke misuli yote ya shingo inabidi ikaze kwa pamoja. Hiyo ndiyo misuli tunayohangaika kuilegeza. Dagaa wakavu ni wepesi, najua, lakini wabichi wanaotoka mtumbwini wana uzito wa maji.

Kwa hiyo mimi siangalii kalenda peke yake. Naangalia mambo haya: unageuza kulia na kushoto sawasawa bila maumivu, unaangalia juu bila kovu kuvuta, unalala usiku bila kisogo kukuamsha, kalsiamu imetulia, na aliyekupasua ameruhusu. Yote yakitimia, anza na sado moja kichwani, umbali mfupi, sehemu tambarare. Mlima wa Bugarika na beseni uwe wa mwisho kabisa. Giza hili la kwanza usilihesabu. La pili labda, na labda si lote.

---

Bi Fundi Pasiansi

Na mimi naongezea, usirudi kazini ukajionyesha shujaa. Mimi niliinua meza ya cherehani kwa matofali ili nisiiname, na kila nikimaliza upindo mmoja nasimama nanyoosha. Wateja walilalamika nguo zinachelewa. Walisubiri.

---

Mama wa Mwaloni

Nimewaelewa. Giza hili nitakaa kwenye kiti na daftari, vichanja nimeshaongea na mwenzangu tutagawana, wabebaji nitawalipa, faida itapungua lakini ipo. Mteja wa Kahama nimemwambia ukweli, kasema atasubiri mzigo wa vichanja.

Na nyie mnaoficha goita na mtandio, kachunguzeni mapema, na chumvi ya jikoni iwe ile yenye madini joto, siyo ya kuokota tu ya bei rahisi. Nimeambiwa haiwezi kuondoa goita kubwa iliyokwisha kuota, ila watoto inawakinga.

---

Kijana wa Igoma

Mama nimeelewa, sitamtaja tena yule. Sado ya dagaa wa vichanja itakuwa bei gani?

---

Mama wa Mwaloni

Njoo Mwaloni mitumbwi ikianza kutoka, tutaelewana. Ila utabeba mwenyewe.